Kifuniko cha Mtungi wa Bibi

Kwaru, kisha tok. Ndivyo kilivyolia kifuniko cha mtungi wa bibi kila mtu alipotaka maji. Nikifumba macho hata leo nakisikia, na harufu ya udongo na ubani aliofukizia mtungi ule inanijia puani. Kifuniko chenyewe kilikuwa santuri. Usishangae, ndugu yangu. Malindi ya miaka ile ya themanini nyumba nyingi zilifanya hivyo: santuri ikichakaa, hupitishwa kamba kwenye tundu, hufungwa kifundo cha kitambaa cha kushikia, maji yakasalimika na nzi.

Juzi nilikuwa nasukwa nywele Mtwapa, simu ya msusi ikiimba dirishani. Ukaja wimbo wa magitaa ya kelele, ngoma zakimbia kama zinafukuzwa, mwanamume anapaza sauti, "Chumvi yao, macho yetu!" Mara, katikati ya vurugu lile, kigelegele cha mtoto. Niligeuza kichwa ghafla.

"Tulia, dada, nitakung'oa."

"Wimbo huu umeutoa wapi?"

"Si huu wa kizamani? Vijana wameufufua. Santuri yake wanaitafuta kama dawa, na ati wakati wake hakuna aliyeitaka."

Nikatulia, lakini nilikuwa nimeshakijua kile kigelegele. Kilikuwa changu.

Mjomba alifanya kazi ya chumvi Gongoni. Jumamosi alirudi macho mekundu, chumvi imemkaukia miguuni, akala wali wake wa nazi kisha akashika gitaa. Mtalii mmoja alikuwa amemwachia kanda ya muziki uitwao panki, naye na wenzake wawili wakaona huo ndio muziki wao, wa watu wenye hasira na wasio na vyombo vizuri. Wakapiga uani kwetu, kuku wakitawanyika, jirani akigonga ukuta kwa mchi. Bibi alisema, "Huo si muziki, ni masufuria yanagombana."

Mimi niliupenda. Nami nilikuwa bingwa wa vigelegele. Harusini kina mama walinisukuma mbele, na ndotoni mwangu nilikuwa tayari naimba redioni. Basi mjomba akanichukua Mombasa walikokwenda kurekodi, akanisimamisha juu ya kreti ya soda mbele ya maikrofoni, akasema, "Haya, mtoe biarusi nje." Nikapiga mpaka koo likawasha. Tukirudi aliniahidi santuri yangu mwenyewe.

Nikangoja. Kila Jumamosi nilimkimbilia nikimtazama mikono kabla ya uso. Mwisho bibi akaniita jikoni, akikuna nazi. "Hakuna santuri, mjukuu wangu. Kigelegele chako kilikuwa kikali mno, mtambo ukafa." Mjomba alisimama mlangoni, akatazama miguu yake.

Nililia, si kwa kukosa santuri. Nililia kwamba nimewaharibia wakubwa kazi yao. Tangu hapo sikupiga kigelegele tena. Harusi ya dada yangu nilipiga makofi. Mwanangu mwenyewe alipooa, nilijiziba mdomo kwa leso, watu wakadhani ni machozi ya furaha.

Kesho yake baada ya kusukwa nywele nikaenda Malindi. Bibi hayupo siku nyingi. Mjomba nilimkuta barazani, mzee sasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza nywele."

"Ile santuri ilitoka?"

"Ilitoka. Haikupata mnunuzi."

"Na yangu?"

Akaelekeza kidevu jikoni. "Umeinywea maji miaka yote."

Nikakaa chini.

"Bibi yako aliogopa," akasema. "Sauti ya mtoto wa kike isikike kwenye mabaa ya pombe, nani atamposa? Akatafuta neno la kukunyamazisha. Hatukujua kuwa utanyamaza hivyo."

Wallahi, uongo wa bibi naweza kuuelewa. Kila mzazi ana hofu yake. Lakini Jumamosi kwa Jumamosi mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusafisha kifuniko kile. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa; nilikisugua kwa jivu na makumbi ya nazi kikang'aa, nao wakinitazama. Bibi alinisifu: "Mjukuu wangu ana mkono." Mjomba alichota maji yake kwa kata, akanirudishia kifuniko nikifunike. Sauti yangu waliniachia niifute mwenyewe.

Wale wenzake wawili wamekufa. Uani hakuna kuku, na nyumba zote za mtaa zina friji. Mtungi umebaki huu mmoja, mjomba hapendi maji ya friji.

Aliposhika njia ya msikitini, niliingia jikoni. Nikainua kifuniko, kwaru, nikakata kamba yake. Mdomo wa mtungi ulikuwa umekichora duara jeupe, na mistari mingine imelainika kama kigae. Hakuna sindano itakayoisoma. Nikaifunga santuri kwenye leso yangu. Kisha nikainamia mtungi, mdomo kwa mdomo, nikapiga kigelegele kimoja, kirefu, mpaka maji yakatetemeka. Nikaufunika kwa sahani.