Nilinyamazisha Gari ya Bibi Harusi, Fundi Wangu Akabeba Lawama

Ati gari ikiacha kelele ndiyo imepona? Nani kakufundisha? Kaa hapo nikwambie, maana mimi ndiye niliyeinyamazisha ile gari ya Bwana Swaleh. Si Fundi Karisa. Malindi nzima inasema ni yeye, na mimi nimewaacha waseme. Kosa ni langu, na leo nalitoa.

Kwanza ujue Fundi Karisa ni nani kwangu. Mimi sikusoma ufundi popote. Nilifika kwenye gereji yake kuomba kibarua cha siku moja, nikabaki miaka sita. Alinilisha, akanipa pa kulala, akanitia spana mkononi. Mtu akimsema vibaya mbele yangu, tunapigana. Nimeshararua mashati ya watu kwa ajili yake.

Na tulikuwa na siri. Fundi alikuwa hasikii. Masikio yalimfia kidogo kidogo. Lakini injini aliisikia vizuri kuliko wewe na mimi. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya injini, mpini anauuma kwa meno, halafu anafumba macho. Mlio unapanda kwenye chuma, unaingia mfupani. Hapo atakwambia ni silinda gani inaumwa.

Wateja walidhani ni mbwembwe za mzee. Mimi nilijua bila yale meno hasikii kitu. Mteja akisema neno, mimi nalirudia kwa sauti kubwa, najifanya nina mdomo mpana. Basi wote wakaniita kelele. Nikaridhika.

Sasa Bwana Swaleh akaleta gari. Gari nyeusi ya Kiingereza, ya mwaka hamsini na nne, aliyoachiwa na marehemu babake. Ina miaka thelathini na zaidi na rangi bado inang'aa. Bintiye alikuwa aolewe Kilifi, na bibi harusi apelekwe na gari ya babu yake. Shida ni tapeti, vile vyuma vinavyogonga juu ya injini. Ukiwasha tu, tik tik tik tik, mpaka ng'ambo ya barabara.

"Inalia kama cherehani, Karisa," akasema. "Wageni watanicheka."

Nikarudia kwa sauti. Fundi akauma bisibisi yake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Iko sawa," akasema. "Hizi zapaswa kusema kidogo. Zikinyamaza ndiyo uogope."

Bwana Swaleh akaondoka na uso uliokunjamana, gari akaiacha tumbadilishie mafuta. Laiti ningemuuliza Fundi, kwa nini niogope? Lakini mimi nilijiona najua.

Saa nne nikaenda kunywa chai. Pale hotelini yuko Sudi, fundi wa gereji ya jirani, ulimi wake una pilipili.

"Nasikia mzee wako kasema ile gari iko sawa," akasema.

"Kasema, na iko sawa."

"Si lazima aseme hivyo? Kiziwi atasikia nini? Anang'ata bisibisi kama mtoto anayeota meno, na wewe wamtafunia maneno."

Watu wakacheka. Kumbe siri yetu ameshainusa. Damu ikanipanda. Nikamshika ukosi, chai ikamwagika, mwenye hoteli akatutenganisha kwa kifuniko cha sufuria. Nikasema mbele ya wote, "Kesho saa hizi gari ile itanyamaza mpaka usikie nzi akitembea. Na atakayeifanya ni Fundi Karisa."

Ona ujinga wangu. Nilitaka kumtetea, nikamuwekea ahadi asiyoijua.

Kesho yake Fundi alikwenda Kakuyuni kwenye matanga ya shemeji yake. Nikafungua kifuniko cha injini. Juu ya kila valvu, kile kimlango cha injini, pana mkono wa chuma unaoigonga ifunguke, na kati yao lazima ubaki mwanya, upana wa nyembe tatu hivi. Fundi huupima kwa fila, kile kibati chembamba. Kupima alinionyesha. Sababu yake sikuwahi kuitaka. Mimi nikaona kelele inatoka kwenye mwanya, basi tuuondoe mwanya.

Nikalegeza nati, nikakaza skrubu, valvu zote nane, moja moja, mpaka fila haipiti tena. Nikawasha.

Kimya! Wallahi, kimya cha msikitini. Sudi akaja, nikamwambia Fundi aliimaliza alfajiri kabla ya safari, akainamisha kichwa juu ya injini, akarudi kwake. Nilitembea siku hiyo kama nimenunua mji.

Fundi akarudi jioni. Akauma bisibisi. Akaihamisha huku na huku, akauma tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mwanangu, umegusa hizi valvu?"

Pale ndipo pangeniokoa. Neno moja tu.

"Sikugusa, Baba."

"Hukugusa?"

"Sikugusa. Zalia kama jana."

Akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwa kitambaa taratibu. "Basi na meno nayo yamekwisha," akasema.

Unaelewa alichofanya? Aliona ni rahisi kuamini kwamba amekuwa kiziwi wa mwisho kuliko kuamini kwamba mimi nimemdanganya. Na mimi nikaenda kunawa mikono.

Bwana Swaleh aliichukua gari akifurahi kama ndiye bwana harusi. Wiki mbili aliizungusha. Akaenda Marafa akarudi, akaenda tena, kila kituo anasema, "Kazi ya Karisa hii, sikilizeni." Sikilizeni nini, na injini inaungua ndani? Chuma kikipata moto hurefuka. Nilipouondoa mwanya, valvu zikawa hazifungi sawasawa, na moto ukapita pembeni yake ukizila. Hayo nimeyajua baadaye. Ule mlio ulikuwa ni injini ikisema iko salama.

Jumamosi ya harusi msafara ukatoka Malindi na nyimbo. Walipofika Tezo gari ikaanza kukohoa, ikatetemeka, ikapiga kishindo, ikafa. Injini ukiizungusha haina nguvu ya kuku. Jua la saa saba, bibi harusi ndani na hina yake na jasho lake. Magari ya msafara yamejaa wanawake mpaka mlangoni. Akapandishwa pikapu ya magunia ya korosho, akaketi mbele na dereva wasiyemjua. Akaingia kwa wakwe namna hiyo. Watu wa Kilifi hawajaacha kuisema mpaka leo.

Aliyefungua injini ni Sudi. Akakuta valvu mbili zimeungua, ukingo umemeguka kama biskuti.

Bwana Swaleh akaja gerejini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akazitia zile valvu mbili mkononi mwa Fundi, akasema polepole, "Karisa, uliniambia iko sawa."

Sikuhitaji kurudia. Zile valvu zilikuwa zimeshamwambia Fundi.

"Kosa ni langu, Bwana Swaleh," akasema. "Sikusikia."

Na mimi nilisimama pale na spana mkononi. Mimi mwenye mdomo mpana. Mimi nipiganaye. Nikakosa hata kukohoa.

Wateja wakahama mmoja mmoja. Mwezi haukuisha, Fundi akafunga gereji. Akanipa ile bisibisi, mpini una alama za meno yake, akasema, "Wewe bado wasikia, itakufaa." Akarudi Kakuyuni kulima mahindi. Injini hajaigusa tena. Na kuitengeneza ndiyo ilikuwa raha yake ya pekee duniani.

Kila Jumapili naenda kumwamkia. Na hii ndiyo adhabu yangu, sikiza. Kwa kiziwi huwezi kuungama kwa kunong'ona. Juzi nilijipa moyo, nikamwambia, "Baba, ile gari ya Bwana Swaleh..."

"Wasemaje?"

"Ile gari, Baba!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu."

Mkewe akaacha kutwanga. Majirani wakageuka. Uwanja mzima ukaningoja. Nikapiga kelele, "Nauliza mahindi yameota?"

Akacheka. Akanionyesha mahindi.

Basi wewe kijana unayejifunza kazi kwa macho, ukionyeshwa jinsi, uliza na sababu. Na umpendaye usimtetee kwa uongo, uongo ule utarudi kumla yeye. Jumapili hii naenda Kakuyuni, na safari hii nitapiga kelele mpaka kijiji cha pili wasikie.

Na wewe unayenicheka hapo ulipo, ni nani aliyebeba lawama yako, na bado unamwambia shikamoo?