Kisanduku Kisicho na Kelele

Roger alikuwa amechoka hata kabla kikao hakijaanza. Miaka kumi na mmoja anatunza kompyuta za ofisi yetu ya mjini Baraka, ile inayowatafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita, na kila akiomba kitu lazima tukae, tusali, tujadiliane mpaka vichwa vituume.

Safari hii aliomba hifadhi ya pamoja. Tulikuwa na seva mbili, kila moja imebeba mashine pepe zake, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye diski zake yenyewe. Seva moja ikizimika, orodha ya watoto iliyomo, pamoja na picha zao, inafungiwa humo. Roger alitaka diski zote zikae katika kisanduku kimoja cha mtandao, ili seva iliyo hai ichukue kazi ya mwenzake.

Vya kuchagua vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa na feni nne na kelele kama mashine ya kusaga mihogo. Kingine kimya, feni moja ndogo. Na kwa kuwa kwetu kitu cha maana hukaa ofisini kwa mkuu, chef Casimir alijua kitakaa kando ya meza yake.

“Roger, mi napokea bamama benye kulia humu. Ile ya makelele, hapana.”

“Chef, ile ya makelele njo inapumua.” Alimaanisha zile feni nne ndizo zinazoipoza.

Tulipiga kura. Nami niliunyosha mkono kwa kile cha kimya, sijifanyi mtakatifu. Roger hakuwa na nguvu za kubishana. Alisema tu kwamba nakala ya pili ya orodha ataiweka kwingine, wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ile nyingine, kisha nyingine.

Dorothée, sekretari wetu, ana roho safi kutushinda sote. Aliona kisanduku kinaliwa na vumbi, akakifunika kitambaa chake cha kufuma, kama anavyofunika televisheni ya nyumbani. Tukampongeza. Kilipendeza kweli.

Mwezi wa tisa joto likakaza, kisanduku kikazimika chini ya kile kitambaa, na seva zote mbili zikasimama pamoja. Kingeweza kuvumilia kupoteza diski moja. Ziliungua mbili. Roger alihangaika nacho siku nne, mwishowe akaketi sakafuni akasema ameshindwa. Dorothée alilia. Mimi niliona aibu.

Ikabidi tuwaite wazazi mmoja mmoja, tuandike upya. Wa kwanza alikuwa mama Nijimbere, mkimbizi wa Burundi, anayemtafuta mwanawe Eloge. Roger alimweleza yote bila kuficha. Mama hakugomba. Alitaja jina, mwezi, na njia ya Lubondja walikopotezana.

“Na foto yake, mama?” Roger akauliza.

“Ilikuwa mu telefone, papa, na telefone balishaiiba. Ilibakia ile yenu tu.”