Begi la Kreni na Mashuka Mabichi

Wenzake walimwita Kreni tangu ujanani, siku aliposhuka mlimani na kulungu mzima mabegani huku akipiga mluzi. Jina likamkaa. Taabu ni kwamba majina hayazeeki, migongo ndiyo inayozeeka, na huyu bwana alikuwa amebeba nyama kwa gunia na kamba mpaka mgongo ukaanza kumnung'unikia hata akiinama kufunga viatu.

Kundi lao la wawindaji, wote watu wa vibali, lilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: anayepanda, hubeba. Mnyama akishaanguka hukatwa vipande palepale, na kila mtu hushuka na fungu lake. Usipoweza kubeba, mlima si wako tena. Utabaki chini kwenye gari, uwachemshie wenzako chai. Hakuna ubaya katika kuchemsha chai, lakini kamwambie hivyo mtu anayeitwa Kreni.

Safari ya mwisho kabla msimu haujafungwa, aliinua gunia lake akashtuka kuliona jepesi. Alipokwenda kunawa, wenzake walikuwa wamechomoa paja moja wakaligawana kimyakimya. Akalibeba hivyohivyo. Alirudi nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuvua shati. Mkewe akachukua chupa ya mafuta, kama alivyozoea kila mumewe arudipo, akaanza kumsugua.

"Wamenipunguzia mzigo," alisema Kreni. "Msimu ujao wataniacha kwenye gari."

Mkewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, mwanamke wa vidole vya chuma na maneno machache. Alisugua kwanza mpaka akaridhika.

"Daktari aliyekupima mgongo alisema mzigo ukae kiunoni, si mabegani. Tukatafute begi lenye mkanda."

"Gunia hili limenilea, mama watoto."

"Limekulea, ndiyo. Sasa linakumaliza."

Kreni alitaka waende dukani asubuhi, ameoga, amevaa koti lililopigwa pasi. Mkewe akakataa katakata. "Mgongo uliopumzika ni mwongo," alisema. "Utakubali chochote." Kwa hiyo walisubiri siku aliyoshinda akipasua kuni, wakaenda alasiri, Kreni akiguna kila hatua na mkewe akiwa na mfuko mkubwa wa nailoni kichwani.

Muuza mabegi, mtu mchangamfu aliyependa kuongea, alikuwa na kifuko chake cha mchanga cha kujaribia. Mke wa Kreni akakitazama kwa heshima, kisha akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na mashuka mabichi, yametoka kwenye beseni, hayajakamuliwa sawasawa.

"Mchanga ukikaa umekaa, kaka," alisema. "Nyama haitulii. Inalegea, inateleza, inavuta. Shuka bichi ndiyo ndugu yake."

Muuzaji alikuna kichwa. "Sawa, mama. Ila sakafu nimeipiga deki sasa hivi."

Kreni alikuwa ameshapenda. Jicho lake lilitua kwenye begi la kijani, kubwa ajabu, lenye mifuko mingi kuliko vitu alivyowahi kuwa navyo. Akalijaza mwenyewe, mashuka mazito chini kabisa, kama anavyojaza gunia. Alipolivaa, likamvuta nyuma kama mtoto anayekataa kwenda shule, nusura aiangushe rafu ya viatu.

"Kizito kikae juu, mzee wangu, kigusane na mgongo," alisema muuzaji, akampangia upya. Ikawa nafuu, lakini mkanda wa kiunoni ulimshukia mapajani. Begi lilimzidi.

"Lakini mimi ni mrefu!"

"Wewe ni mrefu wa miguu," alisema mkewe. Akapima kwa shibiri kutoka kwenye mfupa wa shingo kushuka hadi kwenye nyonga, na mkono wake haukutafuta njia. "Mgongo wako unaishia hapa. Na hapa kushoto pana uvimbe, mkanda usipakanyage."

Hata Kreni mwenyewe hakuwa na habari za uvimbe huo.

Muuzaji akaleta jingine, fupi, la rangi ya kutu, lenye fremu ya chuma na kikalio chini cha kuegemeza nyama. Kreni alisema linafanana na kiti kilichovunjika. Mkewe akauliza swali la dobi: "Mfuko unatoka kwenye fremu? Damu nitaifuaje?" Ulitoka. Basi wakalijaza mashuka, wakakaza mkanda juu ya nyonga, na Kreni akatembea hadi mlangoni, akarudi, akapanda ngazi za stoo na kushuka. Mikanda ya mabegani ilikuwa imelegea, kidole kinapita chini yake.

"Vipi?" aliuliza mkewe.

"Mzigo uko wapi?" aliuliza Kreni.

Msimu ulipofunguliwa, wenzake walilicheka begi kwa kutwa nzima, wakasema Kreni amekuja na kiti cha kukalia. Mnyama alipoanguka akaomba apewe paja, kisha akaomba na la pili. Alishuka nao hadi garini bila kusubiriwa, na chai akaikuta imechemshwa na mtu mwingine.

Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa ameshatoa chupa ya mafuta na kukunja mikono ya gauni, anamngoja ukingoni mwa kitanda. Kreni hakuvua shati. Alimtazama, akayakumbuka yale mashuka mabichi aliyoyabeba mgongoni dukani, uzito wake wote, akatambua kwamba yeye aliyabeba alasiri moja tu. Shukrani ilimjaa mpaka akakosa pa kuiweka. Akaichukua chupa mkononi mwake.

"Geuka."

"Nigeuke niende wapi?"

"Geuka nikusugue wewe."

Mkewe alicheka, kisha akaona hatanii, akageuka taratibu. Kreni alimimina mafuta kiganjani, akabaki ameduwaa. Mgongo ule hakuujua.

"Panauma wapi?"

Mkewe aligeuza shingo kumtazama, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa mara ya kwanza.

"Kote," alisema.

Kreni akaanzia shingoni.