Bibi Harusi wa Hisabati

Jumamosi nilipita mtaa wa Kuze nikakuta udi unafuka barazani, halua imejaa sinia, na msichana wa buibui anafukizwa huku analia kwa kwikwi. Nikaweka sawa kofia yangu.

"Mabruk," nikamwambia shangazi mtu aliyeshika chetezo. "Bwana harusi wa wapi?"

Chetezo kikasimama hewani. "Harusi gani, kakangu? Keshokutwa mwana anaanza mwaka wa matayarisho ya chuo kikuu. Hisabati, fizikia na kemia."

"Bora mngenioza," msichana akasema. "Nikishindwa je, shangazi?"

Shangazi akamfuta machozi kwa ncha ya leso, akamwambia yale yale wanayoambiwa mabibi harusi wote wa mtaa huu: "Ukishindwa, mlango wa kwenu u wazi. Utarudi, utakula, utalala, kisha utajaribu tena."

Kilio kikakatika. Msichana akaomba halua.

Nami nikapewa kipande, nikaondoka bila kujua kama nilihudhuria harusi au ufunguzi wa shule. Mpaka leo sijui. Kama ni harusi, basi mume ni Hisabati, na nasikia ni mkali. Lakini yule msichana alikuwa akitafuna halua kama mtu asiyemwogopa mume.