Gazeti Lililofunikwa

Nikisikia harufu ya unga wa ngano uliopikwa ukawa gundi, huikimbia. Wajukuu wakibandika karatasi zao za shule, mimi hutoka nje. Msinicheke.

Nyumba yetu ya Changamwe ilikuwa ya udongo, na Baba, kuli wa bandarini, alibandika magazeti makuukuu ukutani ili vumbi lisituharibie nguo. Humo ndimo nilimojifunza kusoma. Kila jioni Baba aligusa mahali akaniambia, "Mishi, hebu nisomee hapa." Hata tangazo la viatu alilisikiliza kwa makini. Habari ya mgomo wa makuli, iliyokuwa juu ya kitanda chake na Mama, aliitaka mara nyingi mno hata nikaijua kwa moyo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Jirani alimnong'oneza Baba kwamba gazeti lile limepigwa marufuku, na kukutwa nalo tu ni kifungo. Kulibandua kungeangusha udongo, kwa hivyo Mama alipika gundi, Baba akabandika jingine juu yake.

Msako ulipofika kwetu, inspekta wa polisi alichungulia kila pembe asione kitu. Alikuwa mpole. Alinipa peremende akaniuliza, "Wajua kusoma, mwanangu?"

"Naam," nikajibu, nikamsomea ukuta wa mlangoni. Akanisifu, nami kichwa kikavimba, nikamwambia:

"Pale juu ya kitanda pana habari nzuri zaidi. Imefunikwa, lakini naijua yote."

Nikaanza kuisema. Mama alijiziba mdomo. Baba alisema tu, "Yatosha, mwanangu."

Inspekta akaagiza maji na kitambaa.

Mahakamani Baba aliapa kwamba hajui kusoma hata jina lake. Nilimwonea haya, nikidhani anasema uongo. Hakimu akasema aliyefunika alijua anachokifunika, akamfunga mwaka na nusu. Lakini mimi ndimi niliyemfunga.

Alirudi na kikohozi, wala hakunilaumu hata siku moja. Bendera mpya ilipopandishwa alinunua gazeti, la kwanza maishani mwake, akalikunjua mezani na kuweka kidole juu ya tangazo la sabuni.

"Mishi, hebu nisomee hapa, penye bendera."

Nilikitazama kile kidole juu ya sabuni; kumbe mahakamani alisema kweli. Kisha nikamsomea habari ya bendera, neno kwa neno. Lakini kwanza niliinuka nikafunga mlango, mtu asije akanisikia tena.