Gati na Kufuli la Mokami

Mimi ni fundi wa sola, na kosa ninalolisimulia hapa ni langu kabla halijawa la mtu mwingine. Nilimkubalia mzee jambo ambalo fundi mwenye akili timamu hakubali, kwa sababu yeye alikuwa mzee na mimi nilitaka kazi iishe nirudi Tarime mjini kabla ya mvua.

Mzee mwenyewe ni Machage wa Nyangoto, aliyechimba dhahabu miaka ishirini na ushee mpaka vumbi la mawe likamla mapafu. Hospitali walimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya kawaida, ikaichuja na kumpelekea puani kwa mpira. Mashine hiyo haina subira. Umeme ukikatika nayo inanyamaza, na umeme wa huku hukatika bila kuaga. Ndiyo maana wanawe walichanga, nikaitwa kufunga paneli na betri.

Nilimweleza mzee vizuri. Umeme wa nguzo ukikatika, betri inashika zamu papo hapo, hata taa haitikisiki. Lakini betri ina tumbo dogo, na kila kilichochomekwa kinakula humo humo. Nikashauri tuvute waya mmoja wa mashine peke yake, vingine vyote vibaki kwenye nguzo. Machage akakataa. Ana wake wawili, Gati na Mokami, na kila kinachoingia kwenye boma lake hugawanywa sawa, debe kwa debe, ndama kwa ndama. Hata yeye mwenyewe hugawanywa: wiki hii kwa Gati, wiki ijayo kwa Mokami, na mashine inabebwa nyuma yake. Akasema nyumba moja haiwezi kuwaka nyingine ikiwa gizani. Basi nikaifunga betri nyumbani kwa Gati, nikaweka swichi mbili ukutani, moja ya kila nyumba pamoja na vyote vilivyomo, hata friji ambamo Mokami huweka samaki wake wa kuuza. Nikaondoka nikijua nimefanya upuuzi.

Gati ndiye mke mkubwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na mimi namwogopa kidogo mpaka leo. Darasani aliishia la nne, lakini ndiye pekee kwenye boma lile aliyejifunza kusoma kioo cha betri. Kila jioni alikuwa akinitumia ujumbe wa namba tu, asilimia ya chaji, bila salamu: tisini na sita, themanini na nane. Baadaye akanunua mashine ya kutotoleshea vifaranga, akaweka mayai ya kienyeji mia mbili, akaanza kuyahesabia siku.

Jumanne moja ya mwezi wa nne, saa tisa alasiri, akanipigia. Gati hapigi simu. Nikapokea upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mura, hiki kioo cha betri kinalia," akasema, akiniita kijana kwa Kikurya.

"Kinaandika ngapi?"

"Thelathini na moja."

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na mvua ilikuwa imefunika anga lote. Betri ile ikifika ishirini hujifunga yenyewe ili isiharibike, na ikishajifunga haifunguki mpaka jua litoke au nguzo zirudi. Nilipiga hesabu haraka. Kwa ulaji ule wa nyumba mbili zilikuwa zimebaki dakika arobaini, na kutoka mjini mpaka Nyangoto, kwa tope lile, ni saa nzima na zaidi. Machage wiki hiyo alikuwa kwa Mokami, amelala kwenye kiti sebuleni na mpira puani. Mokami mwenyewe alikwenda sokoni Sirari, na simu yake haikuwa inapatikana.

"Mama, zima swichi ya kwako."

Nilijua anaangalia nini. Mayai yalikuwa na siku kumi na tisa, bado mbili tu yapasuke. Kisha nikasikia swichi ikilia tak.

"Nimezima," akasema.

"Ya Mokami usiiguse, mashine ya mzee iko huko. Nenda chumbani kwake ukachomoe friji la samaki. Hilo ndilo linalokula."

"Siingii."

"Mama!"

"Nimesema siingii. Amefunga na kufuli."

Kufuli halikuwa tatizo, na sote wawili tulijua. Siku Machage alipomleta Mokami, aliwaita wote na kusema kila mlango una mwenyewe, na mwisho wa miguu ya mwenzako ni sebuleni. Miaka kumi na minne Gati hakuwahi kukanyaga chumba kile, wala Mokami cha Gati. Wanawake wale walisalimiana kwa sababu ya watu tu.

"Mzee akinifia nikiwa nimeingia humo," Gati akasema polepole, "boma zima litasema nimeweka kitu chini ya kitanda. Utakuja kunitetea wewe?"

Nikapandwa na hasira. Hasira yenyewe ilikuwa yangu juu yangu, lakini nilimrushia yeye. Nikamwambia kama anaogopa maneno sasa, jioni atayasikia maiti ikiwa imelala hapo hapo. Najuta kusema vile kwa mtu wa umri wa mama yangu.

Nikasikia mvua kwenye bati, nyayo zake kwenye maji, halafu mlio wa mashine ukikaribia. Aliiweka simu mahali. Kikaja kishindo cha jembe kwenye mbao za mlango, kimoja, viwili. Machage akaamka.

"Gati! Nani... nani amekuruhusu kwa mwenzako?"

Kishindo cha tatu. Kitu kikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimeibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Nimechomoa," akasema huku akihema. Akarudi mbio kwake kuangalia kioo. "Ishirini na nane. Mura, njoo."

Nikaazima mtungi wa oksijeni kwa mwenye zahanati mmoja niliyewahi kumfungia sola, nikakodi gari. Paneli zilikuwa bado zinaokota kamwanga kidogo mawinguni, na mashine peke yake hula polepole, kwa hiyo hesabu ilikuwa inakubali, lakini kwa wembamba. Njiani tulinasa mara mbili. Kila dakika kumi alinitumia namba: ishirini na sita, ishirini na tano, ishirini na tatu. Nilizisoma nikiwa nasukuma gari, na nilikuwa nasali, mimi nisiyesali.

Nilipopita kwa Gati kioo kilisoma ishirini na moja. Nikakimbilia kwa Mokami, nikaunganisha mtungi, nikahamisha mpira, mzee akavuta pumzi. Dakika chache baadaye mashine ilizimika ghafla, sebule ikawa kimya kabisa.

Na pumzi ile ya kwanza nzuri, unajua aliifanyia nini? Alimgombeza Gati. Amevunja mlango wa mwenzake, ameliaibisha boma, tangu lini mke mkubwa anafanya kama mwizi. Gati alisimama mlangoni, magoti yamejaa tope, jembe mkononi. Nilitamani kuufunga ule mtungi.

Ndipo Mokami akaingia, ameloa chepechepe, kapu kichwani. Akaona kufuli chini. Akaona waya wa friji umechomolewa. Akauliza, nami nikamweleza yote, pamoja na mayai yaliyopoa.

Akatua kapu. Niliona Gati anakaza vidole kwenye mpini, akingoja matusi.

Mokami akamgeukia mumewe. "Mzee, ungekufa leo kwa huu usawa wako, mimi na Gati tungegawana nini?"

Machage akafumba macho. Gati akaketi pale pale mlangoni, akalia kwa sauti bila kujificha, na Mokami akachuchumaa kando yake, akamtoa jembe mkononi.