Kahawa Iliyolala Getini

Mwaka wangu wa pili wa umeneja pale Mbinga, sampuli za kahawa yetu zilirudi na maneno yaleyale ya mwaka wa kwanza: inanuka siki. Niliisoma barua ya mnunuzi nikiwa peke yangu ofisini, sweta limenifika shingoni, na kitu cha kwanza kilichonijia si kahawa. Nilimkumbuka mzee niliyemwachisha kazi kwa kosa hilohilo. Kama yeye ndiye alikuwa tatizo, mbona siki ilikuwa imebaki?

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilipanda milimani baada ya mume wangu kufariki, watoto wote wawili wakiwa wameshakwenda kuanza maisha yao. Chama cha ushirika cha wakulima kilitafuta meneja, nikaomba, nikapata. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili, nikawa nakaa kimoja. Jioni nilikaanga usipa, dagaa wa ziwani kwetu, niliotumiwa kutoka nyumbani, na harufu yake iliijaza nyumba kama vile kuna watu. Majirani walikuwa watu wema. Tulisalimiana kwa Kiswahili, kisha wakageukiana na kuendelea na Kimatengo, nami nikaingia ndani.

Labda ndiyo maana niliipenda sana ofisi. Makaratasi hayana lugha ya nyumbani. Niliandika taratibu, nikatengeneza fomu, nikaamini kwamba kituo cha kahawa kinaendeshwa kama ilivyoandikwa. Na yule mzee, msimamizi wa mashine katika kituo chetu kimoja cha kumenyea kahawa upande wa Maguu, nilimwondoa kwa barua ya aya tatu. Sikuwahi kumwona akifanya kazi. Kwa kweli, kituo chenyewe nilikuwa nimekipita mara moja tu, nikiwa ndani ya gari.

Safari hii niliwaambia wajumbe wa bodi kwamba nitakwenda kukaa kituoni wiki nzima. Mwalimu mmoja wa kijijini alinipa chumba. Jumatatu asubuhi nilifika na kukuta uwanja umefagiliwa, matangi yamesuguliwa, na kiti cha plastiki kimewekwa kivulini, soda pembeni.

Nilikaa. Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa kwenye vichanja vya kukaushia walinyamaza kabisa. Vijana wa mashine walitembea kama watu walio kanisani. Mkaguzi wetu wa ubora, ambaye huzunguka vituo vitatu kwa pikipiki, hakutoka pale siku nzima. Mchana wakulima walileta kahawa mbivu, akaikagua, akasaini fomu, mashine ikawashwa. Jumanne mambo yakawa hayohayo. Niliandika kwenye daftari langu: kila kitu sawa. Nilikula chakula changu peke yangu kwenye kile kiti, huku wao wakila kande nyuma ya stoo, na kicheko chao kilinifikia kikiwa kimepunguzwa makusudi.

Jumatano nilikiacha kiti, nikaenda kusimama kwenye kichanja karibu na mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mama. Naomba unifundishe."

"Marahaba." Alinitazama mikono. "Afadhali umekuja. Kile kiti kinatutisha."

Akanionyesha punje za kutoa: iliyovunjika, iliyoliwa na mdudu, iliyobadilika rangi. Nilikuwa mzito. Nilipochambua konzi moja yeye alikuwa amemaliza tatu. Wenzake walianza tena kuzungumza, Kimatengo, taratibu, na sikujua kama wananisema. Niliendelea kuchambua.

Saa sita mkaguzi alipigiwa simu kutoka kituo kingine, akaondoka. Aliniaga kwa wasiwasi ambao sikuuelewa. Saa nane wakulima wakaanza kufika na magunia yao, wengine kichwani, wengine kwenye bodaboda. Waliyapanga getini. Hakuna aliyepokea. Wakaweka majani juu ya magunia, wakakaa kidogo, halafu mmoja mmoja wakaanza kurudi makwao. Mashine ilikuwa kimya.

Kila mtu wa kahawa anajua kwamba ikishachumwa inatakiwa imenywe siku ileile. Ikilala kwenye gunia inachacha, na siki hiyo haitoki tena hata uioshe vipi. Nilimwendea kijana aliyerithi kazi ya yule mzee.

"Mbona hammenyi?"

"Tunasubiri mkaguzi, mama."

"Anarudi saa ngapi?"

"Kesho. Labda saa nne."

"Na kahawa hii yote?"

Akatazama chini. "Fomu inasema isipokelewe bila saini yake."

"Fomu ipi?"

"Ile yako, mama meneja."

Niliingiza mkono kwenye gunia la karibu. Ndani kulikuwa na joto, kama ukimshika mtoto mwenye homa. Nilipoutoa, vidole vilikuwa vinanata na kunuka togwa iliyokaa. Pale pale nikaelewa kwa nini ofisini sikuwahi kuona kitu. Mkaguzi angefika kesho yake, angeandika imepokelewa Alhamisi, imemenywa Alhamisi. Karatasi ingesomeka vizuri. Na siku mbili nilizokaa kwenye kiti, kuwapo kwangu ndiko kulikomfunga mkaguzi pale.

"Kwa nini hamkuniambia?" niliuliza, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

Aliyejibu ni yule mama wa kichanjani. "Aliyekuwepo kabla ya huyu alikuandikia."

Ni kweli. Nilikumbuka karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa kulala, iliyokuja siku chache kabla ya ile barua yangu. Niliisoma nusu. Nilidhani ni mtu anayejitetea.

Niliwaambia wawashe mashine, na kwamba saini nitaweka mimi. Tuliwafuata wakulima ambao hawajafika mbali, wakarudi. Jioni ile hakuna aliyenipongeza, na sikustahili. Walifanya kazi, nami nilikaa pembeni ya mfereji wa kuoshea nikitazama maganda yakichukuliwa na maji. Nilitamani mume wangu awe hai nimsimulie. Yeye angesikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema neno.

Kesho yake nilipanda bodaboda hadi Ukata, kijijini kwa yule mzee. Mkewe alinipa kigoda, akaenda kumwita shambani. Mzee alikuja na jembe begani, udongo hadi magotini, maana walikuwa wakichimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mteremkoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuketi.

Nilimweleza yote, pamoja na barua yake niliyoisoma nusu. Sikutafuta maneno laini. Alisikiliza hadi nilipokwisha.

"Kabla ya kuniandikia ile barua," alisema, "ulikuja kituoni mara ngapi?"

"Sikuja, baba."

"Hata mara moja."

"Hata mara moja."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa kama mtu anayehakikisha jambo alilolijua siku nyingi. Nilimwomba arudi kazini. Alikataa.

"Nimekwishazoea hapa. Lakini hapa kanisani watu wanajua nilifukuzwa kwa kuharibu kahawa. Wajukuu wangu wanajua. Doa hilo ulitoe wewe."

Nililitoa. Kwenye mkutano wa wanachama, mbele ya watu waliojaa uwanjani, nilisema kwamba kosa lilikuwa la utaratibu wangu, na mzee yule aliniandikia kunionya. Alikuwa amekaa safu za nyuma, mkewe pembeni. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja mbele alisema tu, "Tumesikia," na tukaenda kwenye ajenda nyingine. Nilipowatafuta kwa macho baada ya mkutano, walikuwa wameshaondoka.

Fomu tuliibadilisha. Sasa watu wa kituo wenyewe wanapokea na kumenya siku ileile, na mkaguzi anakagua kazi iliyofanyika. Msimu uliofuata neno siki halikuandikwa tena kwenye barua ya mnunuzi.

Siku hizi kila Jumanne nashinda katika kituo kimoja au kingine, nikichambua. Nimekuwa mwepesi kidogo. Nimejifunza salamu za Kimatengo, na wanawake hunicheka matamshi. Hata hivyo bado kuna mazungumzo yanayokatika nikikaribia, na nimeacha kuumia kwa hilo. Meneja ni meneja. Jioni narudi Mbinga nimekaa nyuma ya bodaboda, ukungu ukishuka kwenye mashamba, vidole vikiwa na ganzi ya baridi. Nafungua mlango, nawasha taa, nawasha jiko.